Kabla hujahamia Gisenyi, utazame mpaka

Kila baada ya wikendi ndefu napata ujumbe wa namna moja. Mtu amekuja Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, kupumzika, ametembea kando ya ziwa Kivu, amekula sambaza, yaani samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga kwa pilipili, na sasa anauliza nyumba zinapangishwa kwa pesa ngapi. Namwelewa kabisa. Mimi ni Mkenya, kazi ndiyo iliyonileta huku, na sina hamu ya kuondoka. Ila namjibu kila mmoja vilevile: huu ni mji wa mpaka kwanza, utalii unafuata. Ukiujua kwa upande wa hoteli tu, bado hujaujua.

Goma, mji wa upande wa Kongo, imeshikana nasi. Nenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waenda kwa miguu, asubuhi na mapema uone akina mama wanavyopanga foleni na mabeseni ya nyanya, kabichi, vitunguu na kuku waliofungwa miguu, wengine na mtoto mgongoni. Wanavuka kwenda kuuza Kongo, jioni wanarudi. Mpaka ukifungwa, au saa za kuvuka zikipunguzwa, habari inafika sokoni kabla ya redio: nyanya zinajaa, bei inaanguka, na mama aliyechukua mzigo kwa mkopo anakaa nao mpaka unaanza kuoza. Kwa hiyo ukipanga kufungua mgahawa, duka au nyumba ya wageni, usipige hesabu kwa wageni wa Kigali peke yao.

Usalama nao lazima tuuseme wazi. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, upande wa Kongo, ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, maelfu walikimbilia huku, na mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba nyingi za Rubavu, wilaya yetu. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, risasi na mabomu yalivuka mpaka na kuua watu upande huu. Sisemi haya nikutishe. Watoto wanasoma, soko linafunguliwa. Lakini weka akiba, weka nyaraka zako mahali pamoja, na uwe na mtu wa kumfikia Musanze au Kigali. Unapokagua nyumba, tazama nyufa za ukuta, uulize ni za lini.

Uliza pia habari za mazuku. Hii ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini katika eneo hili la volkano, hasa upande wa Goma, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mabondeni na kwenye mashimo, zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Huioni, na inaua. Majirani wanajua sehemu za kuepuka, kwa hiyo waulize wao kabla ya kumsikiliza dalali, na usipange chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi.

Makaratasi si magumu kwetu. Mkenya na Mganda huingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasipoti. Kuingia ni jambo moja na kufanya kazi ni jingine, kwa hiyo kibali cha kazi kishughulikie mapema. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku tangu 2008.

Sasa lugha, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu: tujifunze Kinyarwanda. Kiswahili Gisenyi kinatosha sana: sokoni, kwa dereva wa moto (pikipiki ya abiria), kwa wafanyabiashara waliozoea kwenda na kurudi Goma. Ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Raha hiyo ndiyo inayotulegeza. Wengi wetu tunakaa miaka tukinunua, tukicheka na watu, bila kujua jirani anazungumza nini na mkewe ng'ambo ya ukuta.

Nenda umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, maduka yanafungwa na mtaa mzima unatoka. Chukua jembe, zibua mtaro pamoja nao. Kazi ikiisha watu hubaki kwa mkutano: taa za barabarani, bima ya afya, mtoto aliyeacha shule. Yote kwa Kinyarwanda. Ukisimama pale huku huelewi kitu, utamtafuta mwalimu wiki hiyohiyo. Anza na *mwaramutse* ya asubuhi na *mwiriwe* ya baadaye, na uzitamke bila haraka.

Njoo kwanza katikati ya wiki, na ikiwezekana wakati uvuvi wa sambaza umesimamishwa ili samaki wazaane, mitumbwi imefungwa na hela ya wavuvi imekauka. Panga chumba kwa mwezi, mbali na ufuko, na siku ya kwanza ujitambulishe kwa mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa. Baada ya hapo ndipo uzungumze na mwenye nyumba mkataba wa mwaka.