Mvua kubwa ina zamu yake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nalima Mvumi, hapa Dodoma. Mwaka mmoja redio ilitangaza El Nino, kwamba mvua itakuwa kubwa, nikauza mbuzi wawili nikanunua mbegu ya mahindi. Desemba ilinyesha vizuri. Februari ikakata wiki tatu, mahindi yakaungua ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Babu alikuwa akisema mvua kubwa huja kila mwaka wa kumi. Ni kweli?
Mkulima, Mvumi

JIBU: Marahaba. Mbuzi wawili kwa mahindi, tena Mvumi! Ningekuwa jirani yako ningeficha kamba zao.

Zamu ipo, tarehe ndiyo hakuna. El Nino, joto la bahari ya Pasifiki, hurudi baada ya miaka 2 hadi 7: pepo zinazosukuma maji ya moto ya Pasifiki kuelekea Indonesia hulegea, maji yale yakarudi upande wa Peru. Ila sisi tuna bahari yetu jirani. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto, na kule Sumatra kukapoa, mawingu huhamia kwetu. Wataalamu wanaita dipoli. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na wa rika langu hatujasahau mvua ile. Mwaka 2019 El Nino ilikuwa hafifu, lakini dipoli ikatulowesha. Hapo katikati ni miaka 22. Hesabu ya babu iweke wapi?

Halafu ishara hizi husikika zaidi kwenye vuli, huko kaskazini na pwani. Dodoma tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita kama 600. Jumla yaweza kuwa nzuri na Februari ikakukausha vilevile. Redio ilikupa habari ya msimu mzima. Mahindi yanakunywa kila siku.

Ipo mizunguko ya polepole zaidi. Ule wa joto la Pasifiki Kaskazini huweza kuegemea upande mmoja, wa joto au wa baridi, miaka 20 hadi 30. Huo sipandii mbegu. Na wazee wakikutajia Mtunya, njaa iliyoiumiza Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, usiitwike mbingu peke yake. Ukame ulikuwepo, lakini majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo.

Msimu ujao uwele uende shamba la juu. Mahindi mistari michache tu, kule bondeni maji yanakotuama. Tega uani kopo lenye ubavu ulionyooka, pima kwa rula kila asubuhi, uniandikie Februari imekata tarehe ngapi.