Maswali ya Wasomaji: Kwa nini jani la kalitunsi hukawia kuoza mtoni?

SWALI: Mhariri, nafundisha sayansi sekondari karibu na mto Mpanga. Katika kijito cha jirani majani ya kalitunsi (mkaratusi) hubaki mazima kwa wiki nyingi, ilhali ya musogasoga, mti mwingine wa huku, huisha yakabaki mishipa tu. Wanafunzi wanabishana: wengine wanasema maji ndiyo yanayoyakata, wengine wanasema ni wadudu. Nani yuko sahihi, na tunaweza kupima wenyewe?
Mwalimu, Fort Portal, Uganda

JIBU: Mwalimu, pande zote mbili zina ukweli, ila zimesahau mfanyakazi mkuu, yaani kuvu.

Jani likishaanguka majini hutoa kwanza sukari na vitu vingine vinavyoyeyuka, kama majani ya chai kwenye birika. Ndani ya siku mbili hivi linaweza kupoteza hadi robo ya uzito wake mkavu kabla halijatafunwa na yeyote. Kisha kuvu za majini hupenya ndani, hulilainisha na kuliongezea protini. Hapo ndipo lava wa wadudu na kaa wa mtoni wanapolitamani. Mkondo na mchanga humalizia kazi kwa kulisaga jani lililokwisha kulainika.

Kuvu hizo zinaonekana kwa hadubini ya shule. Chota povu jeupe linalokusanyika chini ya maporomoko madogo, weka tone moja kwenye kioo, ukuze mara 100 hadi 400. Utaona spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, zenye mikono minne, umbo linalozisaidia kunasa kwenye majani. Mtaalamu wa kuvu C. T. Ingold alizieleza mwaka 1942 kutoka vijito vya Uingereza, na vijito vya kwetu vinazo pia.

Kalitunsi hukawia kwa sababu jani lake lina nta juu, mafuta na tanini (kitu kikali kama kile cha chai nzito) ndani, na nitrojeni kidogo. Kuvu hupata tabu kuingia, na mlaji naye hungoja.

Kupima, mtazamisha majani mtoni ndani ya mifuko ya wavu, kisha mtapima yanayobaki. Okoteni majani yaliyoanguka karibuni, msichume mabichi. Yaanikeni kivulini mpaka uzito usibadilike tena. Pimeni gramu 5 kwa kila mfuko, kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Ya sokoni haitoshi. Nyunyizeni maji kidogo kabla ya kuyafungasha, la sivyo yatavunjika na mtahesabu vipande hivyo kama vimeoza. Tengenezeni mifuko ya namna mbili: wavu wa matundu ya milimita 10 unaopitisha wadudu na kaa wadogo, na wa nusu milimita unaowazuia. Chandarua hakifai kwa huu wa pili, maana matundu yake hupitisha lava wadogo. Epukeni pia majani ya mti wa mugavu, kwa kuwa vijani vyake vitapenya kwenye matundu makubwa.

Miti 2, wavu aina 2, mifuko 3 kila mara, na mara 4 za kutoa (siku ya 0, 2, 14 na 42) ni mifuko 48, yaani gramu 120 za kila mti. Ile ya siku ya 0 ipelekeni mtoni na kuirudisha papo hapo: itaonyesha kiasi kinachopotea kwa kubebwa tu. Namba ya kila mfuko ichorwe kwa msumari kwenye kipande cha kopo la soda, kwani karatasi haitadumu. Fungeni mifuko kwenye mawe mahali penye mkondo ambapo hapakauki, na mvae gambuti na glavu kwa sababu ya kichocho.

Wakati wa kutoa, tangulizeni beseni chini ya mfuko. Osheni tope taratibu. Tope likibaki, jani litaonekana zito kuliko lilivyo, na kosa hili ndilo linaloharibu majaribio mengi baada ya mvua. Kausheni kama mlivyokausha mwanzo.

Kisha gawanyeni uzito wa mwanzo kwa uliobaki, tafuteni logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), mgawanye kwa siku. Gramu 5 zikibaki 2.5 baada ya siku 42, kasi ni 0.0165 kwa siku. Zikibaki 4, ni 0.0053. Tofauti kati ya wavu mpana na mwembamba ndiyo itakayowaamulia wanafunzi ubishi wao kuhusu wadudu.

SWALI: Je, tuondoe majani yote kijitoni ili maji yawe safi?
Msomaji, Mbale

JIBU: Hapana. Ondoeni yaliyoziba kalavati tu. Mengine ni chakula cha viumbe wa kijito. Yakijazana dimbwini pasipo mkondo, oksijeni huisha, majani huwa meusi na kunuka kama yai bovu. Hapo dawa ni kufungua njia ya maji. Kando ya kijito acheni miti ya asili badala ya kalitunsi: kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kutoka ukingo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa.