Bima imepanda, nifanyeje?

SWALI: Habari dada, naendesha Vitz kutoka Umoja hadi tao kila siku, na mwaka huu nimegonga magari ya watu kwa nyuma mara mbili kwa jam ya Jogoo Road, vitu vidogo tu lakini nikadai, sasa kurinyu bima ya komprehensivu (ile inalipia hadi gari lako mwenyewe) wameniongezea. Itashukaje? Baba Shiku

JIBU: Pole sana Baba Shiku. Hivyo vidogo ndivyo vinakuumiza, maana kampuni nyingi humpunguzia mtu aliyemaliza mwaka bila kudai, ukidai hiyo diskaunti inaenda. Kikwaruzo muulize fundi bei kwanza, kwa sababu kuna eksesi, ile sehemu ya gharama unatoa mfukoni mwako ukidai, na unaweza kukuta kazi yote ni chini ya hiyo. Lakini ajali ripoti hata kama hudai, na mtu akiumia hiyo si ya kumalizana barabarani, tafadhali!

Sasa kugonga kwa nyuma mara mbili, hapo nashuku simu. Iweke mbali kabisa, na mkisimama kwa jam hakikisha unaona matairi ya gari la mbele yakigusa lami, kama huyaoni umekaribia sana. Matatu ikichomeka iachie tu, najua inauma lakini utapoteza sekunde ngapi? Mjini mwisho wa spidi ni kilomita 50 kwa saa, mvua ikinyesha punguza zaidi, breki hazishiki vile umezoea. Ukikunywa, acha gari, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Halafu muulize ajenti wako kama ukiweka traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, watakushushia kitu, na ulizia bei kampuni mbili tatu kabla ya kurinyu.