Kiuno kikiuma, tuziache figo kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: "Kwa nini watu wengi wanalia na mgongo, na je, mkanda wa kiuno unasaidia?" Mimi ni muuguzi mstaafu. Sasa nalima viazi Isyonje na kuviuza Uyole, kwa hiyo migongo nimeiona wodini na naendelea kuiona sokoni. Kwa maoni yangu, huku kwetu mgongo unaumizwa na kazi, lawama zinapewa figo.

Muulize mtu yeyote hapa Mbeya kiuno chake kina nini. Atakujibu ni figo, au ni UTI, na akiwa mwanaume atasema ngiri. Figo ziko juu kidogo, usawa wa mbavu za mwisho. Zikiuma, mara nyingi ni upande mmoja, pamoja na homa, kutapika au mkojo unaochoma au wenye damu, na hata ukijigeuza vipi maumivu hayatulii. Maumivu ya misuli na pingili za uti wa mgongo yana tabia nyingine: ukiinama yanazidi, ukijinyoosha au ukilala ubavu yanapungua. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba takribani asilimia 90 ya maumivu hayo hayana ugonjwa mmoja unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Hiyo haina maana kwamba mtu anajisingizia. Misuli, kano na viungo vidogo vya pingili vimechoka au vimevutika, basi.

Njooni Uyole fuso likipakiwa. Vijana wawili wananyanyua gunia la viazi, wa tatu anainama, wanamtwika mgongoni. Shingo imelala, mikono imeng'ang'ania kona za gunia, anapanda ubao kwa hatua fupi fupi. Akifika juu anajipinda kiuno ili alitupe. Hapo pa kujipinda ndipo penye kesi. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, ina ute mzito ndani na ukuta wa nyuzi nje. Ukiinama huku umejipinda na mzigo uko juu yako, ukuta ule unabanwa vibaya, na siku ukipasuka ute unachomoza na kugusa mshipa wa fahamu. Ndipo mtu anasikia umeme unashuka kutoka kalioni hadi chini ya goti, na akipiga chafya anashika ukuta.

Na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa kupita mdomo wake! Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na wote tunajua lumbesa inapita hapo. Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Tukiongelea lumbesa tunaongelea mkulima anavyopunjwa, jambo la kweli kabisa, ila yule anayeibeba hatumtaji.

Shambani ni akina mama. Jembe la mpini mfupi, mteremko, umeinama tangu asubuhi, pengine na mtoto mgongoni. Mama mjamzito ndiyo zaidi, kwa sababu kano zake zimelegea na uzito wote uko mbele. Mpini mrefu unasaidia sana kuliko dawa ya kuchua, na kila baada ya matuta machache simama ujinyooshe. Madereva wa malori ya Tunduma na vijana wa bodaboda wao wanaumizwa na kukaa muda mrefu huku wanatikiswa. Baridi ya Juni na Julai inakaza misuli, lakini haisagi pingili.

Nimetaja kusagika. Watu wengi wanarudi na picha ya eksirei wakisema "pingili zimesagika," wanaacha hata kutembea. Ukiwapiga picha watu wa miaka 50 wasioumwa popote, wengi utawakuta na mabadiliko hayo hayo. Tena eksirei haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu. Kulala kitandani wiki nzima kunachelewesha kupona. Tembea kidogo kidogo, fanya kazi nyepesi, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, hata wenye diski iliyochomoza.

Kinachoniudhi ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Mtu anaogopa figo, anakwenda duka la dawa kununua vidonge, anavimeza miezi. Dawa hiyo ikitumiwa hovyo inatoboa tumbo na kuziumiza figo zile zile alizokuwa anaziogopa.

Ila kuna mgongo wa kukimbizwa hospitali. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani, au mguu ukipoteza nguvu, nenda siku hiyo hiyo. Maumivu yanayozidi polepole, usiku hayakuachi, umekonda, una homa au jasho la usiku, yanaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho dawa zake hutolewa bure, au saratani. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, homa ikija na kuondoka huku kiuno kinauma, amwambie daktari habari ya maziwa hayo. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe ambao binadamu naye anaupata.

Mkanda sasa. Ile inayouzwa sokoni Mwanjelwa haizuii mgongo wa mtu asiyeumwa kuumia. Ukiuvaa siku mbili tatu maumivu yakiwa makali, sawa, unakupa moyo wa kutembea. Wapakiaji wanauvaa wakidhani sasa wanaweza kuongeza mzigo. Ningekuwa mmoja wao ningeichukua hela ya mkanda nimlipe kijana wa pili tushike gunia wote, au nimwambie tajiri agawe viazi kwenye magunia mawili.