Wanabaki, ila hawaipendi tena

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kiongozi asiye mwadilifu huwafanya wafanyakazi waache kuipenda kazi yao. Huwafanya, tena bila mwajiri kujua, kwa sababu wengi wao hawaondoki.

Mwaka 1991 watafiti John Meyer na Natalie Allen walieleza kwamba mtu hufungamana na mahali pa kazi kwa njia tatu: anapapenda, anaogopa atakachopoteza akiondoka, au anajiona ana wajibu wa kubaki. Kiongozi anayejitwalia sifa za jasho la wengine, anayepandisha vyeo jamaa zake au anayemwagiza mhasibu abadilishe hesabu, huanza kwa kuyaua yale mapenzi. Wajibu nao haukai sana, maana nani atajiona ana deni kwa mtu anayemdhulumu? Kinachobaki ni hofu: mkopo haujaisha, watoto wanasoma, kiinua mgongo kiko karibu. Basi mtu anafika kwa wakati, anafanya alichoagizwa, anarudi nyumbani. Akiona kasoro, ananyamaza.

Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni yule aliyeipenda kazi kwa dhati, kwa kuwa anaombwa aichafue kwa mikono yake mwenyewe. Septemba 2016, benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini za jumla ya dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakifungua akaunti bila wateja kujua, ili wafikie malengo ya mauzo waliyowekewa. Watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa miaka kadhaa. Walikosea, sibishi. Lakini mfikirie karani aliyeingia benki akitaka kuwahudumia watu: akikataa, hafikii malengo, akikubali, hawezi kumtazama mteja usoni. Atajivunia nini hapo? Na mwenzake anayeyaona hayo kutoka meza ya pili naye anajifunza kunyamaza.

Ndiyo maana sishawishiki mwajiri anapojisifu kwamba watu wake hawahami. Aangalie aliyelalamika mara ya mwisho yuko wapi sasa, na aliyelalamikiwa amepewa cheo gani. Wafanyakazi wake wameshaangalia.