Uvimbe kwenye kizazi: lazima kisu?

Altrasaundi imeonyesha faibroidi ya sentimita 4. Sisikii maumivu wala sitokwi damu nyingi. Nipasuliwe lini? (Msomaji, Mwanza)

Huenda usipasuliwe kamwe. Faibroidi si saratani, na isiyosumbua hufuatiliwa tu. Ukishakoma hedhi kwa kawaida husinyaa.

Nina miaka 41, watoto wananitosha. Nikiwa hedhini nabadilisha pedi kila saa, kazini siendi, hata unyumba umekuwa taabu. Nimeambiwa nitolewe kizazi. Hakuna njia nyingine? (Mama wa watatu, Tanga)

Pole sana, dada. Zipo. Kwanza pima wingi wa damu, maana uchovu mwingi wa wenye faibroidi ni upungufu wa damu. Kisha muulize daktari uvimbe umekaa wapi. Wengi huuliza ukubwa tu. Uliochomoza ndani ya kizazi huweza kutolewa kwa kifaa kinachopitia ukeni, bila kuchanwa tumbo, na mara nyingi unalala kwako siku hiyohiyo. Mwingine hutolewa kwa matundu madogo tumboni.

Halafu kuna kuziba mishipa, njia iliyotangazwa na madaktari wa Paris mwaka 1995. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena au mkono, chembechembe zikaachwa zizibe damu inayolisha uvimbe, nao ukasinyaa kwa miezi. Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa fani hiyo tangu 2018, kaulize huko. Akikuambia mtu hutasikia kitu, usimwamini: usiku wa kwanza unauma, tena sana, ndiyo maana hupewa dawa kali. Ila wengi hurudi kazini baada ya wiki 1 au 2. Kutoa kizazi kuna faida moja isiyobishaniwa: faibroidi hazirudi.

Bado natafuta mtoto. Nizibe mishipa? (Msomaji, Mombasa)

Mimi ningeanza na kutoa uvimbe, kizazi kikabaki. Athari za kuziba mishipa kwa mimba za baadaye hazijaeleweka vya kutosha. Utafiti wa Uingereza wa 2020 uliwafuata wanawake 254, wengine wametolewa uvimbe, wengine wamezibwa mishipa: baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, lakini waliotolewa uvimbe walijipa alama za juu zaidi za ubora wa maisha.

Kuna dawa ya mitishamba ya kuyeyusha uvimbe? (Msomaji, Morogoro)

Sijaona ushahidi. Hiyo pesa lipia altrasaundi.