Usipunguze saa za mtambo ili kulipia mtandao (jibu kwa mwenye kituo cha redio cha Kigoma)

Mkuu, usisaini huo mkataba wa kuhamishia fedha ya redio yenu mtandaoni.

Umeuliza mambo manne: programu gani ya simu mnunue, kamera gani ya kurushia vipindi mubashara, vijana mtawapataje, na kama ni sawa mtambo wenu wa kurushia matangazo, ule wa wati 500, ushuke kutoka saa 18 hadi saa 6 kwa siku, ili fedha ya umeme na matunzo ya mnara ihamie mtandaoni. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu mkikosea hapo hayo mengine hayatakuwa na kituo cha kuyatumia.

Huo ushauri mliopewa naujua neno kwa neno. Kituo nilichokihudumia kama fundi kiliuziwa maneno hayo hayo na mshauri mmoja aliyekuja na kompyuta mpakato na michoro ya rangi: wasikilizaji wote wamehamia kwenye simu, FM inakufa, wekeni fedha mtandaoni. Hakuomba daftari la mtambo. Hakuuliza mnara una urefu gani. Hakushuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hata mara moja kuona wavuvi wanasikiliza kwa kitu gani. Alilipwa akaondoka, na mnara ukaachwa bila matunzo. Mtu wa namna hiyo anakula fedha ya watu maskini kwa uvivu tu, na inaniuma kuona wengine bado wanazunguka mikoani na karatasi zile zile.

Ni kweli watu wamehamia kwenye simu. Lakini simu ipi? Nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga jioni mitumbwi ya dagaa inapojiandaa, angalia mikononi. Kitochi, ile simu ndogo ya batani, kina redio ya FM ndani yake. Unachomeka waya wa masikioni, huo waya ndio antena, unasikiliza usiku kucha bila senti moja ya bando. Huyo "amehamia kwenye simu" na bado anakula kutoka kwenye mnara wenu. Mshauri anamhesabu kama mtu wa mtandao, mtambo wenu unamhudumia kama mtu wa FM. Ukizima mtambo umemzima yeye.

Tupige hesabu ya bando, maana hao washauri hawaipigi mbele ya mteja. Matangazo ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde yanakula megabaiti 28.8 kwa saa. Mtu wa saa tatu kwa siku anamaliza karibu megabaiti 86, yaani gigabaiti 2.6 kwa mwezi, kusikiliza redio tu. Kwa kilobiti 128 zidisha mara mbili. Mama anayeuza mawese sokoni atakulipia hayo ili asikie bei ya maharage? Halafu ziwani: mtumbwi ukishaondoka mbali na ufukwe, mtandao wa simu unafifia, ila FM juu ya maji inakwenda vizuri sana kwa sababu hakuna mlima katikati. Antena ikiwa mita 150 juu ya usawa wa ziwa, ukijumlisha urefu wa kilima na wa mnara, upeo wake hadi kwa redio iliyo ndani ya mtumbwi ni kama kilomita 55. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tangazo la namna hiyo ndilo linalopaswa kumfikia mvuvi akiwa huko huko majini, na taarifa ya upepo ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, ni hivyo hivyo.

Na atakutajia Norwei, wote huitaja. Norwei walizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, ni kweli. Wakahamia DAB+, redio ya kidijitali, ambayo nayo inarushwa kutoka kwenye minara. Uswisi shirika la umma lilizima FM mwisho wa 2024, na nyuma yake kulikuwa na mtandao kamili wa minara ya DAB+ uliojengwa kwa miaka mingi. Hawakuhamishia watu kwenye bando. Anayekutajia nchi hizo bila kukwambia hilo anakudanganya.

Sasa njoo kwenye kinachotokea mnara ukinyimwa fedha. Hapa tulia usome polepole.

Hauharibiki kwa kishindo. Unaanza na maji. Konekta ya juu kabisa, pale fida (waya mnene unaopeleka nguvu kutoka mtambo hadi antena) inapoingia kwenye antena, imefungwa kwa tepu nyeusi ya umeme ya kawaida. Jua linaikausha, inapasuka, masika yanaingia. Maji yakishaingia kwenye konekta yanafyonzwa na nyavu za shaba za waya na kushuka ndani taratibu. Kwenye kioo cha mtambo utaona nguvu inayorudi, yaani ile ambayo antena imeikataa na kuirudisha kwenye mtambo, inapanda. Mtambo wenu wa wati 500, ukirudisha wati 5 uko salama. Ukirudisha 20, hiyo ni asilimia 4, SWR (kipimo cha mafundi cha nguvu inayorudi) 1.5, panda mnara wiki hiyo hiyo. Ukirudisha 55, SWR imefika 2, zima au shusha nguvu siku hiyo hiyo. Mtambo mzuri utajishusha wenyewe kujilinda, na hapo ndipo mtu wa studio asiyejua anaona wati 500 zimekuwa 200, anaingia kwenye menyu na kupandisha kikomo cha ulinzi ili zirudi 500. Transista za kipaza nguvu zinaungua, na moduli, kile kipande kinachobeba transista hizo, haipatikani Kigoma wala Tabora. Inaagizwa, mnakaa kimya kwa wiki kadhaa, na msikilizaji anahamia kituo kingine bila kukuaga.

Namba inayorudi inazungumza ukijua kuisikiliza. Ikipanda baada ya mvua na kushuka mchana jua likiwaka, ni maji. Ikicheza upepo ukivuma, ni konekta iliyolegea au kifungo cha fida kimeachia. Ikianza vizuri asubuhi halafu ikapanda taratibu saa moja baada ya kuwasha, kuna muungano unaopata joto. Zima mtambo kabisa, kisha shika konekta kwa mkono, utaisikia ya moto. Ndiyo maana nasema daftari. Kila asubuhi, saa ile ile: nguvu inayokwenda, inayorudi, joto la mtambo, umeme wa laini, hali ya hewa. Dakika mbili tu. Mtambo uliopunguziwa saa na mtu wa kuuangalia haupati hizo dakika mbili.

Tahadhari moja ambayo mafundi wengi wanaikosa: fida mbovu inaficha tatizo. Waya unaopoteza nguvu unapoteza pia ile inayorudi, kwa hiyo kioo kinaonyesha namba nzuri huku juu kumeoza. Ukiona mnara umefungwa RG-213, ule waya mweusi mwembamba kama kidole, jua mmeshapigwa. Kwa mnara wa mita 45 na mita 10 za kuingia ndani, waya huo kwenye masafa ya FM unakula zaidi ya nusu: mtambo unatoa 500, antenani zinafika kama 220. Fida ya nusu inchi inafikisha kama 380. Ya inchi 7/8 inafikisha kama 430. Yaani kubadilisha fida tu kunawapa karibu mara mbili ya nguvu bila kuongeza hata uniti moja ya umeme. Fedha ile ya programu ya simu ingefanya kazi hii kwanza.

Kufunga konekta kuna adabu yake. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana kidogo. Ukikaza kwa hasira unavunja pini ya katikati. Anza na tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute mpaka upana wake upungue karibu nusu, tabaka tatu, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike wa chini kama bati la paa. Juu yake tepu nyeusi inayostahimili jua, tabaka mbili, na ya mwisho usiivute, iache ijilalie, ukiivuta itafunguka. Kabla fida haijaingia ukutani ipe kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu, maji yadondoke pale yasifuate waya hadi kwenye mtambo. Kila mwaka mtu apande akague kabla ya mvua.

Radi nayo. Sisi wa Kigoma na Tabora hatuhitaji kuelezwa kuhusu radi. Ethi rodi moja, ile fimbo ya kupeleka radi ardhini, iliyopigwa pembeni ya mnara haitoshi. Weka angalau tatu za mita 2.4, ziachane kama mita 5, ziunganishwe kwa utepe wa shaba bila kona kali, kwa sababu radi haipendi kona, itaruka. Fida iungwe na ethi sehemu tatu: juu karibu na antena, chini kabla haijakunja kuelekea jengo, na pale inapoingia ukutani. Ethi ya mnara, ya jengo na ya umeme ziunganishwe ziwe kitu kimoja. Zikiwa mbalimbali, radi ikipiga mnara zinapata volti tofauti, na tofauti hiyo inapita katikati ya mtambo wenu kutafuta njia. Pima Septemba, udongo ukiwa mkavu, ndipo utapata namba ya kweli. Lenga chini ya omu 5. Ukipima Januari udongo umelowa, namba itakufurahisha bure. Na funika miungano kwa zege, shaba inaibwa na kuuzwa vyuma chakavu.

Bili ya umeme ndiyo iliyowasukuma kwenye hili, nimeelewa. Lakini kuna njia kabla ya kuzima. Kama vipindi vyenu vingi ni vya kuzungumza, zimeni stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia), rusheni mono (sauti ya njia moja). Stirio inaongeza mkwaruzo kwa msikilizaji wa mbali kwa zaidi ya desibeli 20, yaani nguvu ya mkwaruzo mara mia na zaidi. Mtu wa bonde la Buhigwe anayesikia mkwaruzo wa "shhh" leo anaweza kusikia maneno safi kesho bila nyinyi kuongeza wati hata moja. Usiku wa manane shusheni hadi wati 250. Hiyo ni kushuka kwa desibeli 3 tu, wa mjini hatagundua, na mvuvi aliye wazi majini bado atawapata. Umeme ukikatika, betri mbili za volti 12 zenye Ah 200, zikitumika nusu tu ili zidumu, zinabeba mzigo wa wati 500 kwa saa 4 kupitia inveta. Mtambo unaotoa 250 unakula chini ya hapo. Jenereta linabaki la dharura.

Mtandao mtaufanya, sijasema msifanye. Ila mnara hula kwanza. Ukishakuwa na fida nzuri, ethi iliyopimwa na akiba ya moduli moja kabatini, ndipo mfungue mkondo mmoja wa sauti wa mono wa kilobiti 48, kwa mfumo wa AAC unaobana sauti, kwa ajili ya watu wa Kigoma walioko Dar na ng'ambo. Huo unatosha. Programu ya simu ya kwenu wenyewe hamuihitaji, mtu hatapakua kitu cha kituo kimoja. Kamera nayo isubiri. Kabla hamjarusha mtandaoni pitieni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na muwaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, leseni yenu inafunika nini, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu muziki. Na msije mkatumia intaneti hiyo hiyo kupeleka sauti kutoka studio hadi mnarani kama njia pekee. Ikikatika mnakuwa kimya angani. Wekeni kifaa cha kugundua ukimya mnarani, sekunde 30 bila sauti kinaanza kupiga vipindi kutoka kwenye flashi.

Vijana: kateni vipande vya dakika tatu, bei za sokoni, matokeo ya ligi ya wilaya, tangazo la ajira, mvirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Dakika tatu za kilobiti 32 ni kama kilobaiti 720, mtu anaipokea hata akiwa na bando la mwisho. Kila kipande kianze na masafa yenu yakitamkwa. Na wekeni namba ya kubipu, msikilizaji abipu bure, nyinyi mpige. Asiye na salio ataingia hewani, na simu za hewani ndizo zinazofanya redio isikilizwe.

Hiyo fedha ya mkataba igawe hivi: fida na konekta kwanza, ethi pili, moduli ya akiba tatu, betri nne. Kitakachobaki ndicho cha mtandao. Mkishindwa kukubaliana kwenye kikao, mpeleke mwenyekiti mnarani jioni baada ya mvua, msimamishe mbele ya kioo cha mtambo, muulize ile namba ya nguvu inayorudi inamaanisha nini.

Leo usiku piga picha ya kioo hicho uiweke hapa: nguvu inayokwenda, inayorudi, na joto. Andika pia aina ya fida, maandishi yamechapwa ubavuni kila baada ya mita moja hivi, na mara ya mwisho mtu kupanda ilikuwa lini. Nikiona hizo namba nitakwambia kama mna wiki au mna miezi.